Mkono wa Mama

Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba kwa shikamoo yako. Hapa Somanga hatujambo, na kikohozi cha babu yako kimepoa.

Umeuliza nani alinifundisha kusuka ukili. Enzi za Mwingereza, tajiri mmoja wa Kilwa aliwagawia wanawake ukindu wausuke majumbani, kisha akarudi kuchukua ukili wa kushonea mikeka. Mama alisifika kwa kusuka, lakini macho yake yalipofifia akawa anakosea. Aliyekosea hapewi ukindu tena. Basi kila alipokwenda kisimani, nilifumua makosa yake nikasuka upya, asijue.

Siku moja tajiri aliukagua ukili ule, akanitazama mimi. Kisha akamgeukia mama.

"Mkono wako haujabadilika, bibie," akasema, akampa mzigo mwingine.

Tajiri alipoondoka mama akaniambia, "Ukifumua tena, pembeni usikaze mno. Macho yangu hayaoni, vidole vinaona."

Niliona haya, yeye akacheka. Tangu hapo tulisuka pamoja, yeye akipapasa na kunielekeza. Huyo ndiye aliyenifundisha.

Nakuombea heri huko uliko, mwanangu.

Bibi yako