Hapa Hakuna Anayetusikia

Sahra!! Kwa yule mshauri siendi tena. Siendi!

Ofisi gani ile? Chumba nyuma ya kinyozi, hapo karibu na stendi ya Garsen, ukuta wenyewe plaiwudi. Nikamuuliza mara mbili kama huko kwa kinyozi wanatusikia. Akanijibu: "Hapa hakuna anayetusikia." Ati hakuna!

Basi nikatoa ya moyoni. Nikamwambia mama mkwe akiingia nyumbani, mimi nashindwa kupumua. Nikalia mpaka kamasi.

Ati nifumbe macho. Ati nivute pumzi, niwe hapa hapa tu, nisikilize kila sauti bila kuihukumu. Na vile anaongea, utadhani anabembeleza ndama anyonye!

Nikasikiliza. Kimya! Mashine ya kinyozi imezimwa. Redio imezimwa. Mtu mzima akakohoa kule ng'ambo ya plaiwudi, tena polepole, kama yuko msikitini.

Na lile zumbukuku linanitabasamia: "Unauhisi utulivu?"

Utulivu! Watu wametega masikio, yeye anauita utulivu!

Nimepitia sokoni kununua unga tu, ndio nafika sasa hivi. Mama mkwe amekaa nje juani, na mkeka wake na birika lake. Mlango ameuacha wazi.

"Ingia, mwanangu," ananiambia. "Pumua. Mimi nimeshatoka."