Tangi Lililotugombanisha

Mwihoko, Jumanne

Kumbe ni maji! Na vile nimemsumbua rafiki yangu Njoroge, eti antena yake kule Theta ina waya mbovu, ndiyo maana ujumbe wa maandishi tunaotumiana kwa redio unafika nusu nusu. Jana aliniambia amechoka, anauza redio yake. Nililala vibaya. Ningebaki kuongea na nani?

Leo asubuhi ujumbe ulikuwa ukipita vizuri. Halafu maji ya mfereji yakarudi, mwenye ploti akawasha pampu, na kadiri tangi la paa lilivyojaa, ndivyo redio ilivyozidi kunyamaza. Ngai! Antena yangu niliifunga nyuma ya hilo tangi wakati wa mgao wa maji, likiwa tupu. Likijaa, maji yanazuia mawimbi ya redio kama ukuta.

Nimeipandisha kwa mlingoti mpaka ikapita tangi. Jioni tangi limejaa linamwagika, na ujumbe wa Njoroge umeingia wote, bila herufi kupotea: “Kwa hivyo waya yangu ilikuwa na shida gani?”

Laini ni safi sana, siwezi hata kujifanya sijaupata.

Nimemjibu: “Hakuna. Pole. Usiuze.”