Kilemba Nimejifunga Mwenyewe

Mayu,

Shikamoo, mama yangu. Usipoitikia nitajiitikia mwenyewe. Siku hizi nimekuwa mbishi.

Ugonjwa uliokuchukua ulinifuata na mimi. Titi la kushoto wamelikata, dripu za saratani nimezimaliza, nywele zimeanza kuota. Basi Shangazi akahamia kwangu hapa Mtendeni kutoka Ipole, akanitandikia mkeka, akaficha ufagio na ungo. Kwetu mgonjwa hashiki kitu.

Ndivyo tulivyokufanyia wewe. Ulituomba, "Nipeni hata mchele niuchambue," tukakunyang'anya ungo na kujiona watoto wema. Mkono wako ukakakamaa mpaka kilemba nikawa nakufunga mimi, vibaya, ukaniambia nimekufunga kama robota la tumbaku. Sisemi mkono ndio uliokuua. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Lakini tulikulaza kabla ya wakati wako, Mayu. Nisamehe.

Mimi nimekataa kulala. Muuguzi alinionyesha nisimame mbele ya ukuta, vidole viupande polepole, pakivuta nipumzike, na nisibebe kizito. Siku ya kwanza nilifika usawa wa bega, nikalia. Nikaweka alama ya mkaa. Shangazi akasema nitatonesha kidonda. Nikamjibu kidonda daktari amekikagua, akaninunia siku mbili. Alama sasa ni tisa, ukuta umechafuka, na sifuti hata moja.

Jioni natembea taratibu ile njia ya zamani ya misafara, Shangazi nyuma yangu akilalamikia magoti. Wapagazi wa kwetu waliifuata hadi pwani na mizigo kichwani, mimi nishindwe kufika kona ya shule? Thubutu!

Kama nimepona sijui. Vipimo bado, na naogopa, sikufichi.

Lakini Jumapili nilijifunga kilemba cha kwendea kanisani, kwa mikono yangu miwili. Kilikaa upande. Shangazi alinyoosha mkono anirekebishie, nikasogea. Akaniangalia weee, kisha akaingia chumbani, akatoka na ungo. Ungo wako, Mayu, ule wenye kiraka. Akauweka mapajani mwangu.

"Haya, chambua," akasema, akageuka kufuta macho.

Vipimo viseme vitakavyosema, nakuahidi: katika nyumba hii hakuna mgonjwa atakayenyang'anywa ungo tena. Pumzika wewe, umechoka. Mimi mchele unaningoja.

Mwanao,
Kabula