Wasichana wa Mji wa Hariri

Jumapili, 12 Januari. Jeddah
Makontena tena, chai imepoa. Bosi kanitupia kazi isiyo yangu: kurasa mbili za Kiingereza kuusifu mji mdogo wa Japani unaotuletea hariri, zigawiwe kwenye maonyesho Riyadh. Mimi karani wa bandari! Eti Wakenya tunajua Kiingereza. Nimekubali kwa sababu moja. Mwandishi atapelekwa Riyadh, na Akinyi, dada yangu, ni mfanyakazi wa ndani huko. Simu yake imezimwa tangu Krismasi. Mama hanipi pumzi.

Jumatatu, 13 Januari
Nimesoma makaratasi ya Wajapani. Mji uko bondeni, milima pande zote. Zamani kila nyumba ilifuga viwavi wa hariri darini, wakilishwa majani ya mforosadi usiku na mchana. Watu walikula baada ya viwavi. Sasa mashamba yamegeuka maegesho, kiwanda kikubwa ni makumbusho, wafumaji waliobaki ni wazee. Nimeupenda. Inaniudhi kwamba nimeupenda.

Jumanne, 14 Januari
Kwenye makaratasi nimefika kwa wasichana wa kiwanda. Walitolewa vijijini wakiwa wadogo, baba ameshapokea malipo yao. Walizongoa uzi kwenye maji ya moto mpaka vidole vikababuka. Walilala bwenini, mlango umefungwa kwa nje. Nimeandika yote.

Jumatano, 15 Januari
Bosi amewafuta wasichana wote. “Yalla, weka maua ya cheri. Nani atanunua hariri ya kilio?”

Nikamwambia Wajapani wenyewe wameyaweka hayo kwenye makumbusho, hawaoni haya.

“Halas, yaishe.”

Makaratasi yale hayana mcheri hata mmoja! Nimeweka maua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama, na kiuno kinauma.

Ijumaa, 17 Januari. Riyadh
Nimeipata nyumba anakofanya kazi Akinyi. Geti refu, kengele yenye kamera. Madam akasema kwa spika nionyeshe ikama, kibali changu cha ukaazi. Nikainua. Peter Otieno. Ya dada inasema Mercy Akinyi. Madam akauliza, ndugu gani hawa, hawana hata jina moja la baba? Nikaeleza: mimi nilizaliwa usiku, ndiyo Otieno, yeye asubuhi, ndiyo Akinyi, kwetu ndivyo tunavyoitwa, baba ni mmoja. “Mafi, hakuna,” akasema. Spika ikakata. Nikaita Akinyi kwa sauti mpaka mlinzi wa jirani akaja kunisukuma. Jina nililopewa na nyanya yangu limenifanya mwanamume wa kando wa dada yangu.

Jumamosi, 18 Januari
Maonyesho yamekwisha. Watu walisifu maua.

Jioni nilirudi kule. Sikugusa kengele. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Dirisha la juu likafunguka, mkono ukakung'uta kitambaa cha vumbi, ukarudi ndani. Uso sikuuona. Nikangoja mpaka taa zikawashwa.

Mama amepiga. Nimemwambia nimemwona, ni mzima, amenenepa kidogo. Amefurahi sana.