Nilisema Nimeporwa Bustanini

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada, na nakuomba usinihurumie mpaka ufike mwisho wa barua, maana huruma za watu ndizo zinazonimaliza.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka hamsini na minane, chumba changu cha kushonea kiko chini ya jengo tunaloishi, na ng'ambo ya barabara kuna bustani ya jiji ambayo zamani ilikuwa inafungwa saa tatu usiku. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na mmoja, kazi ya kelele ambayo mtu hasikii hata anachosema mwenyewe, akastaafu akiwa mtu wa maneno ya kuhesabu, si mkali wala si mlevi, ila ukimuuliza habari za kutwa anasema nzuri, ukimuuliza goti anasema linaendelea, basi, na watoto walipoondoka nyumba ikabaki na sauti ya cherehani tu. Kila jioni akishakunywa chai alikuwa anavuka barabara kwenda kucheza drafti na wenzake kwenye mabenchi ya karibu na geti, nami nikiwa nakunja vitambaa namsikia anacheka, Shangazi, kicheko ambacho nyumbani sijakisikia tangu kitinda mimba wetu alipokuwa anatambaa.

Jioni moja nilikuwa natoka kununua zipu na nyuzi, nikakatisha bustanini, nikapita nyuma ya ua wa michongoma karibu na benchi lao, nikamsikia anawaambia wenzake kwamba anaogopa. Alisema tangu astaafu akiamka asubuhi hajui aanze na mguu gani, kwamba anajiona mzigo ndani ya nyumba, kwamba mimi nina kazi yangu na wateja wangu na yeye amebaki mtu wa kupisha watu mlangoni. Mambo hayo nilimwomba aniambie miaka minne, na pale alikuwa anayatoa bure kwa watu wa drafti, nami nimesimama nyuma ya ua nayasikiliza kwa kuibia. Nikarudi machozi yananitoka, na kwenye ngazi nikagongana na mwenyekiti wa wapangaji, mama mmoja wa sauti kubwa na moyo mzuri, akanishika mabega akaniuliza nina nini. Ningemwambia nini? Kwamba nalia kwa sababu mume wangu anaongea? Nikasema nimeporwa mkoba. Akauliza wapi, nikasema bustanini. Akauliza nani, nikasema vijana, sikuwaona sura. Mkoba wenyewe ulikuwa ndani ya mfuko wa vitambaa nilioushika mkononi.

Nilidhani ni uongo wa kunivusha ngazi tu. Lakini mwenyekiti alipita mlango kwa mlango jioni ile ile akikusanya saini, barua ya kutaka bustani ifungwe mapema ikaenda halmashauri ya jiji, nikaitwa, nikayarudia maneno yale yale mbele ya maofisa wawili bila hata kukwama, na baada ya wiki mbili tangazo likabandikwa getini kwamba bustani itafungwa saa kumi na moja jioni, yaani saa ambayo watu ndiyo kwanza wanatoka kazini. Jirani yangu wa mlango wa pili ni nesi, mama yake alipata kiharusi na anajifunza kutembea upya, alikuwa anamzungusha bustanini kila akitoka zamu. Sasa anamtembeza kwenye korido yetu yenye giza, wanakwenda na kurudi, na kila wakipita mlangoni kwangu mama yule ananiita kwa sauti yake iliyopinda kunipa pole.

Kuna mlinzi wa geti tuliyezoea kumwita Filimbi kwa jinsi alivyokuwa anawatangazia watu muda wa kufunga. Alipoulizwa na maofisa wale alisema alikuwa getini muda wote na hakuona mtu anakimbia. Wakamwambia basi alikuwa amesinzia, wakamwondoa. Wiki iliyopita alikuja kwenye chumba changu cha kushonea, nikadhani amekuja kunitukana, nami kusema kweli nilitamani anitukane. Akavua kofia.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Nimefikiri sana. Labda kweli niligeuka kidogo, sikuona. Miaka tisa pale, sijui macho yangu yalikuwa wapi siku ile."

Nikamwambia yameisha, baba. Nilimsamehe, Shangazi. Nilimsamehe mtu ambaye macho yake hayana kasoro, akanishukuru, akaondoka.

Na mume wangu. Siku ile aliposikia alikaa kitini akashika kichwa, akasema, "Nilikuwa hatua hamsini tu, nacheza drafti, mke wangu anaporwa." Tangu hapo haniachi. Nikifunga kazi yuko mlangoni, ananibebea mfuko, na tukiwa njiani anaongea. Ameniambia habari za goti, ameniambia habari za ule woga, ameniambia hata mambo ya utoto wake ambayo sikuwahi kuyasikia. Nimepata nilichokuwa nakililia, na kila neno lake linanichoma kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo.

Jumamosi ijayo halmashauri inaitisha mkutano kuamua kama bustani ifunguliwe tena jioni. Nesi na wenzake wanaomba ifunguliwe, mwenyekiti wetu anapinga, na amenipanga mimi niwe wa kwanza kusema. Mume wangu ameshaniambia atasimama pembeni yangu. Naomba unishauri nitoe sababu gani ya kutokwenda, isiyomwumiza mtu.

Mama wa Cherehani

MAJIBU YA SHANGAZI

Mama wa Cherehani, nimefika mwisho kama ulivyoniagiza, na sasa nakuhurumia, lakini kwa kiasi. Kulilia maneno ya mume wako si kosa. Wanawake wengi wanaosoma ukurasa huu wameijua nyumba hiyo yenye majibu ya "nzuri" na "linaendelea." Kubanwa kwenye ngazi na machozi usoni ukatamka la kwanza lililokujia, hilo nalo naweza kulielewa. Ila ngazi uliimaliza siku ile ile. Mbele ya maofisa hukuwa unalia, mama. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, umeulizwa taratibu, ukajibu.

Uliloniuliza silijibu. Unataka sababu isiyomwumiza mtu, wakati watu wameshaumia. Ukijifanya mgonjwa Jumamosi, mwenyekiti ataisoma taarifa yako kwa niaba yako, tena kwa sauti ile kubwa uliyoisifu, na geti litabaki limefungwa kwa ushahidi wako bila wewe kusumbuka hata kuvaa viatu.

Filimbi ndiye aliyenikosesha raha. Kazi mtu anaweza kupata nyingine, lakini wewe umemfanya asiamini macho yake mwenyewe, na mlinzi asiyeamini macho yake atafanya kazi gani? Halafu ukampa msamaha. Urudishe huo msamaha haraka, haukuwa wako kuutoa.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usingoje Jumamosi. Mwambie mume wako kwanza, leo, akikufuata mlangoni, kabla hajakupokea mfuko. Mketishe mle ndani mwenye vitambaa vyako, anzia pale nyuma ya ua wa michongoma, na usiruke kitu. Usianze na "kama ungekuwa unaniambia," maana ukianza hivyo utakuwa umekwenda kumshitaki badala ya kukiri. Kesho asubuhi nenda kwa Filimbi, kwa miguu yako, usimwite aje kwako. Mwambie hakugeuka, hakusinzia, hakukuwa na mtu wa kuonwa. Ukitoka hapo andika barua ya kufuta taarifa yako, ipeleke halmashauri kwa mkono wako, utaje humo kwamba mlinzi yule alisema kweli na unaomba arudishwe kazini. Huenda ukachukuliwa hatua, sitakudanganya. Zikubali. Mwenyekiti mwambie kabla ya mkutano, si mbele za watu, naye alihangaika kwa ajili yako. Na Jumamosi nenda, uwe wa kwanza kusema kama ulivyopangwa, umtazame nesi na mama yake unaposema.

Unaogopa mume wako atanyamaza tena. Huenda akanyamaza. Huenda geti likifunguliwa akavuka barabara akakuacha na mashine yako, na hutakuwa na haki ya kumlalamikia. Lakini hayo mazungumzo ya njiani anayafanya na mwanamke aliyeporwa, na huyo si wewe. Wewe bado hajaongea nawe. Mwambie ukweli, kisha funga mdomo, usijitetee, usilie ili akubembeleze, na mwache aseme atakachosema. Hata kama ni neno moja, na hata kama ni baya, atakuwa amemwambia mke wake.

Shangazi