Mama Aliyenijua kwa Jina Alilonipa Pacha Wangu

Mjukuu wangu Wambui,

Habari ya huko Kisumu? Sisi huku Nyeri tu wazima, na guka, babu yako, amerudi shambani. Uliniuliza kama mtu wa umri wangu hupata rafiki kwenye mafunzo ya wamishonari wazee.

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo hayo ukungu ulifunika kilima chote tulichokaa. Nilipoomba sukari mezani, mama nisiyemjua aligeuka akaniita, "Kanini!" Kwa jina hilo aliniita pacha wangu Nyambura pekee, naye alifariki hospitalini Murang'a tukiwa wasichana.

"Hiyo sauti ni ya Nyambura," akasema. "Vitanda vyetu hospitalini vilikuwa karibu. Aliniambia, 'Utakutana na Kanini mkiwa wazee, mkisomea kazi ya Mungu. Umshike mkono.'"

Nyambura alipoyasema hayo, Wambui, hata kanisani sikuwa nikienda.

Nilitaka kukimbia, lakini alininyooshea mkono. Nikaushika. Anaitwa Peris, wa Kiriaini. Aliniambia ameyaogopa maneno hayo ya msichana aliyekuwa akifa maisha yake yote. Sasa tunayaogopa pamoja, na yamekuwa mepesi.

Mungu akuweke,
Cucu yako