Namba za Mto Zilizofutwa kwenye Grafu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lililo kwenye kitambulisho nilichokabidhi mezani. Kazini na mtaani naitwa Mita.
Umri: Miaka 52.
Kazi: Mpimaji wa kina cha mto, kituo cha kati.
Makazi: Nyumba ya chumba na sebule, nyuma ya kituo hicho.
Tarehe na saa ya kuandikwa: Alhamisi, 11 Aprili, saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza yafuatayo bila kulazimishwa na mtu. Nimelazimishwa na hasira tu, na hasira siyo mtu.

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu tangu jana saa kumi jioni mmemweka ndani mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, mkisema amepika namba za mto na mtu amekufa maji. Binti huyo hajawahi kupika hata uongo wa kumtoroka mama yake. Nitaeleza tangu mwanzo, na nimemwomba afande asinikatize, maana mimi nikikatizwa naanza upya.

Elimu yangu ni darasa la sita. La saba nililisoma kwa kupita nje ya dirisha. Lakini mto huo nimeupima miaka kumi na tisa, na wahandisi wenye vyeti vya kujaza sanduku wamekuja kuniuliza mimi. Mmoja alitoka ng'ambo, akanipiga picha nimesimama na ubao wangu, akasema ametembea mabara mawili hajaona jicho kama langu. Nikifumba macho nikasikiliza tu maji, nakutajia kina chake hadi sentimita. (Afande ameniambia nirudi kwenye jambo lililonileta.)

Kwenye nguzo ya kituo changu kuna ubao wa chuma uliochorwa mita na sentimita, kuanzia sifuri hadi tano. Kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nasoma maji yamefika wapi, naandika kwenye daftari, kisha natuma ujumbe wa simu ofisini mjini. Mpwa wangu ndiye anayeupokea. Kazi yake ni kuziandaa namba hizo ili zitokee kama grafu kwenye ukurasa wa tovuti wa mto. Yeyote mwenye simu ya kupangusa anaufungua: wenye mashamba ya bondeni, wenye magari, wauza mboga. Wanatazama mstari. Ukiwa chini, wanapita daraja la chini. Ukipanda, wanazunguka kwa njia ya mlimani, mwendo wa saa mbili.

Msidhani kazi yake ni kubonyezabonyeza. Mwaka jana nilikaa kando yake siku nzima nikimwangalia. Alizipanga namba kwa mfuatano wa saa. Iliyokuja mara mbili aliondoa moja. Niliyoandika kwa sentimita aliigeuza mita. Saa zangu alizigeuza ziwe za kompyuta, maana kompyuta inaanza kuhesabu siku usiku wa manane kama mchawi. Akaniambia, "Mjomba, kila namba ina saa yake. Zikitenganishwa, namba inakuwa mtoto aliyepotea sokoni. Analia, na hakuna ajuaye wa nani."

Saa ambayo sikutuma kitu aliiacha wazi. Nikamuuliza kwa nini asiweke sifuri.

"Sifuri maana yake mto umekauka, Mjomba. Wazi maana yake hatujui. Hayo ni mambo mawili."

Nikamwambia hayo niliyajua kabla yeye hajaota meno. Akacheka. Sikuwa nayajua.

Mkuu wake, yaani mkuu wa kitengo cha takwimu, ni mtu wa tai fupi na maneno marefu. Yeye hakupenda pale palipo wazi. Mnamo tarehe 20 Februari, saa sita mchana, nilikuwa ofisini nimefuata betri za tochi. Nilimsikia kwa masikio haya mawili akimwambia mpwa wangu, "Mstari uliokatika unaonyesha kama tumelala kazini. Unganisha."

Mpwa wangu akasema, "Bosi, tukiunganisha tunabuni. Basi tuweke hata nukta nyekundu, mtu ajue hapa hatuna uhakika."

"Nyekundu inatisha watu. Unganisha, mama, wakaguzi wanakuja kesho kuutazama ukurasa."

Akaunganisha kwa amri. Andika hilo, afande, na kama kuna herufi kubwa zaidi ya hizo zitumie.

Sasa siku yenyewe. Mnamo tarehe 9 Aprili, Jumanne, niliingia kazini saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Hakukuwa na mvua kwetu, lakini milimani kulikuwa kweusi kama sufuria ya shughuli. Saa moja nilisoma mita 1.20. Saa mbili, 1.25. Saa tatu, 1.30. Zote nilituma. Saa nne kamili nilisoma mita 2.60. Sikuamini. Niliteremka ubaoni mara ya pili, nikalowa hadi kiunoni, nikaisoma kwa kidole. Ilikuwa 2.60. Nikatuma.

Saa nne na dakika saba nilipiga simu ofisini. Mpwa wangu hakuwepo. Mkuu alikuwa amemtuma kupeleka kompyuta mbili kwa fundi, na alirudi saa nane mchana. Fundi ana kitabu cha wateja, mkamuulize. Simu aliipokea mkuu mwenyewe.

Nikasema, "Mkuu, mto umeruka."

Akasema, "Mita! Leo umeruka na viboko wangapi?" Nikasikia watu wakicheka nyuma yake.

"Mkuu, sitanii."

"Hata ile siku hukutania. Tuma kama kawaida yako, mashine itaamua." Akakata.

Nilipiga tena mara tatu. Haikupokelewa. Saa tano nilisoma mita 3.40, saa sita 3.90. Zote nilituma, na ya saa sita niliiandikia kwa herufi, mita tatu na sentimita tisini, nikaongeza neno "tafadhali". Miaka kumi na tisa sijawahi kumwandikia mtu neno hilo. Simu yangu ni ya vitufe, haifungui kurasa. Sikujua ukurasa unasema nini. Niliamini mto umeshatangazwa.

Jana Jumatano, saa mbili asubuhi, mwenzangu wa zamu ya usiku aliniambia gari la maziwa limebebwa na maji daraja la chini. Nilikwenda hospitali kwanza. Dereva amevunjika mguu mahali pawili. Hanijui, lakini alinieleza. Alifika darajani Jumanne saa tano na nusu. Maji yalikuwa yanagusa mbao. Mke wake, aliyekuwa naye garini, alimwambia warudi. Yeye akatoa simu, akamwonyesha ukurasa, akamwambia, "Tazama mwenyewe, mstari umenyooka. Mita moja na thelathini tu." Wakaingia. Walipofika katikati ndipo maji niliyoyapima mimi saa nne yalipowafikia.

Mke wake hajapatikana hadi ninapotoa maelezo haya. Dereva aliniuliza kama mtu anaweza kushika mti na kukaa siku mbili. Nilimwambia naam, nimewahi kumwona aliyekaa tatu. Sijawahi kumwona.

Kutoka hapo nilikwenda ofisini, nikafika saa nne na robo. Sikubisha hodi. Nilimwambia mpwa wangu anifungulie ukurasa, nione Jumanne. Mstari ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kutoka saa tatu hadi usiku. Namba zangu hazikuwemo hata moja. Nikapiga kelele. Nakubali nilitupa kalamu za mkuu chini, na chupa yake ya chai. Chupa ilipasuka yenyewe.

Mkuu akasimama nyuma ya kiti. Akasema, "Namba zako zimefutwa na sheria, Mita. Namba ikiruka zaidi ya mita moja kutoka ile iliyokubaliwa mwisho, mashine inaitupa na kuunganisha mstari."

Nikamwambia, "Ya saa nne umeitupa kwa kuruka. Ya saa tano je? Na ya saa sita?"

Mpwa wangu ndiye aliyenijibu, taratibu. "Zote zililinganishwa na ile ya saa tatu, Mjomba. Ilikuwa ndiyo ya mwisho kukubaliwa. Maji yalivyozidi kupanda, ndivyo zilivyozidi kutupwa."

Mkuu akamnyooshea kidole. "Na aliyeandika sheria hiyo ni huyo hapo. Jina lake liko kwenye kompyuta."

Nikamuuliza, "Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, Mjomba."

Hakunitazama. Saa kumi askari wenu wakaja na pingu, kwa mtoto wa kike mwenye miwani, kana kwamba angewatoroka kwa kukimbia.

(Afande ameniuliza kwa nini mpwa wangu aliandika sheria hiyo. Nimeomba maji ya kunywa. Nimepewa.)

Najibu. Mnamo tarehe 17 Novemba mwaka jana, mpimaji wa kituo cha juu alituma mita 4.70. Kule kuna korongo jembamba, maji hupanda haraka na kushuka haraka, yakifika kwangu yameshatulia. Asubuhi hiyo alinipigia simu. Akasema, "Mita, wewe unapima mto au beseni? Miaka yote hiyo hujawahi kufika hata nne! Badilisha kazi, ukapime watoto viatu." Alikuwa na wenzake, wakacheka. Nikamwambia asubiri.

Saa tatu asubuhi nilituma mita 6.80.

Ndiyo, afande, ubao wangu unaishia tano. Nilisahau. Mpwa wangu aliipokea, na kwa kuwa ni mimi mjomba wake, aliiweka hivyo hivyo. Ukurasa ukapiga kengele. Sokoni watu walihamisha magunia. Wanafunzi walipandishwa kilimani na madaftari yao kichwani. Mama mmoja mjamzito aliteguka mguu akikimbia. Mto ulikuwa umetulia, bata wanaogelea.

Walipokuja kuniuliza nilisema lilikuwa wimbi moja kubwa, lilipita kama treni, na ndani yake kulikuwa na viboko wanne. Nilisema hivyo mbele ya mkuu, nikasema hivyo sokoni, na kila niliposimulia lilikua. Jioni yake mpwa wangu alikuja kwangu, akaketi jikoni, akasema, "Mjomba, niambie mimi peke yangu. Uliiona?" Nikamwapia kwa kaburi la mama yangu, ambaye ni bibi yake. Akasema, "Haya, Mjomba." Akanioshea vyombo, akaondoka.

Juzi saa nne nilikuwa mkweli kuliko siku zote za maisha yangu, na hakukuwa na mahali pa kuuweka ukweli wenyewe. Kwa hilo namkasirikia mkuu aliyenicheka huku mto unapanda. Nawakasirikia nyinyi mliomfunga mtoto kwa kuwa jina lake ni rahisi kulisoma. Mwingine ninayemkasirikia yuko kwenye kiti hiki, naye simpi nafasi ya kujitetea, anajua sana kusema.

Jana saa moja jioni nilikwenda kwa dada yangu kumweleza kuwa mtoto atatoka, kwamba namjua mkubwa mmoja wa polisi. Simjui. Hakunifungulia mlango wote. Alisema, "Novemba mkuu wao alitaka kukufukuza. Mwanangu akamlilia. Akasema ataweka sheria ya kuchuja namba, wewe ubaki na kazi yako. Akaniapisha nisikwambie, eti utaona aibu." Nikataka kusema. Akasema, "Usinipe hadithi, kaka. Leo sina nafasi ya kuiweka." Akafunga.

Nimelileta daftari langu. Fungueni tarehe 17 Novemba. Mtaona 6.80 kwa wino wa bluu. Inueni karatasi kwenye mwanga wa dirisha, mtaona pale nilipokwangua kwa wembe. Chini yake imeandikwa mita 1.10. Ndicho kina cha mto siku hiyo, na niliyekwangua ni mimi, nikiwa na akili timamu na sijanywa kitu.

Basi mwandikeni aliyetuma na aliyeamuru kuunganisha. Binti alitengeneza chujio kwa sababu kisima chake kilikuwa kinampa matope.

Hapo ndipo yanapoishia ninayoyajua. Nimesomewa, na hakuna lililoongezwa. Anayeongezaga ni mimi, afande hakuongeza.

Sahihi: (ameweka sahihi, na dole gumba kwa hiari yake)

Maelezo ya askari aliyeandika: Shahidi ametoa maelezo haya kwa lugha anayoielewa. Alipofika kwenye tarehe 17 Novemba nilimsimamisha na kumtahadharisha kuwa halazimiki kuendelea, na kwamba atakalosema linaweza kutumika dhidi yake. Alijibu, "Andika." Kuanzia hapo anahesabiwa mtuhumiwa, na maelezo ya onyo yatachukuliwa na askari mwingine. Daftari limepokelewa kama kielelezo. Nimeukagua ukurasa uliotajwa kwenye mwanga; ni kama alivyosema. Mkuu wa kitengo ameitwa afike leo saa nane mchana. Nilipomweleza mtuhumiwa kuwa mpwa wake ataendelea kushikiliwa hadi mkuu huyo ahojiwe, alipiga meza kwa kiganja na kuniita jina ambalo sikuliandika.

Saa tano na dakika tano asubuhi, wakati akitolewa chumbani, mpwa wake alikuwa akipitishwa koridoni kwenda kunawa. Mpwa aliuliza, "Mjomba, umewaambia nini?"

Alijibu, "Mita moja na kumi."

Mpwa alivua miwani. Nikawaruhusu wakae pamoja kwenye benchi dakika tano, chini ya ulinzi.